Chupa Sitini za Manukato

(Maneno ya Kamati ya Mikopo, yaliyosomwa mbele ya wanachama na wageni siku ya kutimiza miaka kumi ya kikundi chetu, Samuye)

Miaka kumi si mchezo. Tulianza wanawake kumi na tisa chini ya mwembe huu huu, hisa moja shilingi 1,000, na daftari la shule ambalo mtoto wa mwenzetu mmoja alikuwa ameshachora ng'ombe kwenye jalada. Leo tuko thelathini na mmoja. Habari za mtaji, za mgao, za mfuko wa jamii na za mashine ya kukoboa mpunga mmezisikia katika risala ya Katibu, nasi hatutazirudia. Kamati ya Mikopo imepewa dakika ishirini, nasi tumeomba tuzitumie kwa jambo moja tu ambalo halimo kwenye risala. Ni habari ya manukato.

Tunaona wengine mmeanza kucheka na wengine mmeinamisha vichwa. Wageni wetu watuvumilie, tutawaeleza toka mwanzo.

Bibi zetu hapa Usukumani walijipaka samli ya ng'ombe, ngozi ikang'aa, na aliyenukia samli alijulikana ametoka nyumba yenye mifugo. Baadaye ikaja mikebe ya poda na mafuta ya mgando. Chupa ya manukato ilikuwa kitu cha mwalimu au cha mke wa mtu wa Mwadui. Halafu dhahabu ikafunguka. Mgodi wa Geita ulianza mwaka 2000, Bulyanhulu huko Kahama mwaka 2001, na kila palipo na mchimbaji hufika muuza nguo, muuza simu na muuza manukato. Bidhaa zikatembea kutoka Dubai hadi Kariakoo, Kariakoo hadi Mwanza, Mwanza hadi kwenye minada yetu, zikatandazwa juu ya turubai kati ya ndoo za plastiki na dawa za ng'ombe.

Basi katika mwaka wetu wa nne, baada ya msimu wa pamba, mwenzetu mmoja alikuja mbele ya Kamati kuomba mkopo wa shilingi 600,000 akanunue manukato Mwanza. Jina lake hatulitaji hapa, ingawa wengi mnalijua. Alikuwa fundi cherehani. Alikuwa ameona jinsi wateja wake wanavyouliza, wakija kupimwa gauni, ile harufu anayonukia shemeji yake aliyetoka Kahama ni ya nini, na inauzwa wapi.

Akatuletea chupa moja tunuse. Jamani, tuseme ukweli, tulinusa wote, hata mzee mmoja aliyekuwa anapita na baiskeli alisimama. Yalikuwa manukato matamu yasiyo na haya. Kwanza yalikuja matunda, kama embe bivu na nanasi limekatwa sasa hivi. Baada ya kuzungumza kidogo, matunda yakakaa pembeni, yakaja maua, kama mtu amefungua dirisha usiku na nje kuna asumini. Na jioni, tulipokuwa tunafunga kikao, mkononi kulibaki kitu cha joto, kama maziwa yanayochemka na sukari imeanza kuungua chini ya sufuria, na nyuma yake kama ubani. Kwenye boksi palichorwa tunda, ua jeupe na donge la rangi ya asali, na pameandikwa "Amber". Sisi tukadhani ni jina la binti wa mwenye kiwanda.

Kamati ilikaa. Ubishi wetu siku ile ulikuwa mmoja tu, nao ulichukua saa mbili: je, ni halali fedha za kikundi, fedha ya mbolea na ada za watoto, ziende kwenye kujinukiza? Mmoja wetu alisema manukato ni anasa. Mwingine akajibu kwamba wanaume wanakunywa pombe kila mnada na hakuna aliyewahi kuiita anasa. Ubishi ukaisha hapo. Tukapitisha mkopo, riba asilimia 10, marejesho miezi mitatu, dhamana cherehani yake. Tukaongeza sharti moja tuliloliona la kihasibu sana: chupa moja kati ya zile atakazonunua ikae ndani ya sanduku la kikundi, na nailoni yake, kama kielelezo.

Hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza: kitu hiki kinaharibikaje?

Mtu akija kukopa anunue nyanya, tunamuuliza atazifikisha sokoni siku ngapi. Akija na mpunga, tunauliza juu ya unyevu. Dengu, tunauliza bungua. Vifaranga, tunauliza chanjo. Kwa sababu hayo tunayajua. Lakini chupa ya kioo yenye kifuniko cha dhahabu, sisi tuliiona kama sahani. Sahani haiozi.

Alinunua chupa sitini, kila moja 9,000, na 60,000 iliyobaki ikawa nauli na gharama za njiani. Akauza 15,000. Kwa wiki sita za kwanza aliuza kumi na nane, akarejesha shilingi 250,000, nasi tukajisifu kwamba Kamati ina jicho la biashara. Kisha likaja joto la mwezi wa tisa na wa kumi, lile mnalolijua, vumbi tupu na kivuli hakuna. Kila mnada alizipanga chupa zake juu ya turubai toka saa tatu asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, zimetolewa kwenye maboksi ili ziwake juani na kuwavuta watu. Na zilimvutia watu kweli. Usiku zikalala ndani ya beseni chini ya bati.

Mwezi wa kumi na moja wakaanza kurudi wateja. Mmoja alisema yananukia spiriti ya sindano. Mwingine alisema yamekuwa kama siki. Mume wa mtu mmoja alikuja na chupa mkononi, mbele ya mnada mzima, akisema ametapeliwa, amenunua maji ya rangi ya chai. Maana na rangi nayo ilikuwa imegeuka: yalikuwa ya waridi hafifu, sasa ni kahawia. Mwenzetu akarudisha fedha za watu saba kutoka mfukoni mwake, shilingi 105,000. Baada ya hapo hakuwa na cha kurudisha kwetu.

Kikao cha mwezi wa kumi na mbili ndicho tulichokuja kukisema leo. Deni lilikuwa shilingi 410,000. Kudai deni ilikuwa haki yetu, hapo hatuombi radhi. Fedha ilikuwa ya wote, na kulikuwa na wenzetu wanaosubiri mgao waende kulipa ada mwezi wa kwanza. Lakini hatukuishia kwenye deni. Tulisema alijua. Tulisema alinunua manukato ya bandia kwa bei ya chini, akaandika bei ya juu, tofauti akaitia mfukoni. Ushahidi wetu ulikuwa ile rangi. Neno "mwizi" lilitamkwa, na aliyelitamka ni mmoja wa Kamati hii, yupo hapa amesimama pamoja nasi, na amekubali jambo hili lisomwe. Tukampiga faini ya shilingi 50,000 kwa udanganyifu, tukachukua cherehani, tukamfuta kwenye daftari.

Vijana walipokuja kuibeba cherehani, alisema maneno machache tu. "Chukueni. Lakini harufu ile haikuwa mbaya nilipoinunua. Nanyi mlinusa." Tulicheka njiani. Baada ya mwaka mpya akahama, tukasikia yuko Katoro.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi chetu hakikuvunjika. Cherehani tuliipangisha kwa fundi mwingine, ikashona sare za shule, ikaingiza fedha. Mambo yakaenda. Ile chupa ya kielelezo iliendelea kulala ndani ya sanduku, chini ya vitabu vya wanachama. Kila kikao wenye funguo tatu walifungua, wakaisogeza, wakahesabu fedha, wakairudisha. Kuitupa tuliona aibu, kuitumia tuliona mkosi.

Mwaka wa saba alikuja kwenye kikao chetu dada mmoja mzaliwa wa Unguja, aliyekuwa amepanga hapa kando ya barabara ya Tinde kwa kazi yake. Tulimwalika atufundishe kutengeneza udi wa sukari. Watu wa visiwani manukato kwao ni kama maziwa kwetu, mtoto anakua nayo. Alipokuwa anafundisha akaiona ile chupa, akauliza ya nani. Tukamwambia ni ya bandia, ndiyo ushahidi wa mwizi wetu. Akaichana nailoni, akanyunyiza kwenye mkono wa Mwekahazina.

Embe. Nanasi. Tukanyamaza. Baadaye asumini. Na jioni, ile sukari inayoungua na ubani.

Akaiinua kwenye mwanga. Rangi ya waridi hafifu, kama siku ya kwanza. Chupa ile ile, iliyotoka kwenye katoni ile ile, kwa mfanyabiashara yule yule. Tofauti yake na zile nyingine ni kwamba hii ilikaa gizani, ndani ya sanduku, kwenye nyumba ya udongo ya Mwekahazina isiyopata joto.

Dada yule akatueleza mambo ambayo tangu siku ile tumeyafuatilia na kuyasoma, nasi tunayaweka humu kwenye kijitabu kwa faida ya kila mwanamke atakayefanya biashara hii.

Manukato ya namna ile hutungwa kwa tabaka. La juu ni jepesi, ni matunda, nalo huruka upesi. La kati ni maua. La chini ni zito, ndilo linalobaki hadi kesho yake kwenye nguo. Jua na joto huharibu kwanza lile la juu. Likiondoka matunda, pua ya mteja inakutana na spiriti uso kwa uso, ndipo anaposema ametapeliwa. Msidhani humo ndani mna maembe yaliyokamuliwa. Harufu ya matunda mengi hutengenezwa na wataalamu wa kemia. Ile ya pichi, kwa mfano, ilijulikana tangu mwaka 1908, na mwaka 1919 Wafaransa wa Guerlain waliitia kwenye manukato yao ya Mitsouko.

Maua ni habari nyingine, maana yako karibu nasi. Liko ua liitwalo langilangi, la rangi ya manjano, ambalo mti wake unaota Unguja na Pemba, na kwa wingi zaidi Komoro. Huchumwa alfajiri na kupikwa siku hiyo hiyo kwa mvuke, kwa saa nyingi, hadi mafuta yatoke. Langilangi limo ndani ya Chanel No. 5, manukato yaliyotoka Ufaransa mwaka 1921 na kuzunguka dunia nzima. Pale Wawi, Pemba, kiko kiwanda kinachotoa mafuta ya makonyo ya karafuu kwa njia hiyo hiyo ya mvuke. Kwa hiyo tusiseme manukato ni mambo ya Wazungu na Waarabu.

Na lile neno la kwenye boksi, kumbe si binti wa mtu. Asili yake ni ambari. Ambari hutoka tumboni mwa nyangumi, yule mkubwa mwenye kichwa kama kasha anayekula ngisi. Huelea baharini miaka, ikapigwa na chumvi na jua, mpaka harufu yake mbaya inageuka kuwa nzuri. Hiyo yenyewe ilifaidika na jua, tofauti na chupa zetu! Msafiri Mwarabu aitwaye al-Masudi, aliyepita pwani yetu yapata mwaka 916, aliandika kwamba ambari bora ilitoka nchi ya Zanji, ndiyo pwani hii ya Afrika Mashariki. Jina lake ndilo wazungu walilolichukua, wakaliita na lile donge la utomvu wa kale linalofanana na asali, sisi tunaliita kaharabu. Vitu viwili mbalimbali, jina moja.

Lakini ndani ya chupa zetu hakukuwa na nyangumi wala kaharabu. Wanachokiita hivyo siku hizi ni mchanganyiko: utomvu wa kichaka cha nchi za Mediterania uitwao labdanamu, ubani wa Jawa, na vanila. Vanila hiyo majirani zetu wa Kagera wanailima. Ila harufu yake hutengenezwa pia kiwandani tangu mwaka 1874, Wajerumani walipoipata kutoka kwenye utomvu wa miti ya jamii ya msonobari. Ndiyo maana inaweza kuwa rahisi kiasi cha kufika mnadani. Utamu huu wa peremende kwenye manukato nao si wa zamani. Ulishika kasi baada ya mwaka 1992, ilipotoka Angel ya huko Ufaransa.

Sasa sikilizeni vizuri, akina mama, hasa mliokuwapo kikao kile. Manukato yenye vanila nyingi, yakikaa kwenye mwanga, hugeuka rangi kuwa kahawia. Ya kweli hugeuka. Ya gharama hugeuka. Ile rangi ya chai tuliyoishika kama ushahidi wa bandia ilikuwa ni jua la Shinyanga limefanya kazi yake juu ya bidhaa halisi.

Siku ile hatukumaliza kujifunza udi.

Yalifuata maneno mengi. Wapo waliosema yaliyopita si ndwele. Wapo waliosema, na wana hoja, kwamba mkopo ni mkopo. Mtu akikopa mbolea na mvua isinyeshe, tunadai. Kamati ilikaa mara tatu, katika muda wa zaidi ya miaka miwili, tuseme tulikuwa tunakwepa. Mwishowe tulifungua daftari, tukaacha maneno, tukafanya hesabu. Cherehani kwa kupangishwa ilikwisha kulipa deni lote la shilingi 410,000 kufikia mwaka wetu wa saba. Toka hapo imeingiza shilingi 380,000 zaidi, ambazo si zetu. Na ile faini ya 50,000 ilikuwa ya kosa ambalo halikutendeka. Tukapeleka kwenye mkutano mkuu wa mwezi uliopita. Waliokubali ishirini na wawili, waliokataa saba, wawili hawakuhudhuria. Hatuwafichi wageni kwamba saba walikataa. Mmoja wao ndiye aliyepika pilau mtakayokula.

Wawili kati yetu tukapanda basi hadi Katoro kumtafuta. Hatukupata shida, tuliuliza tu mama wa marashi ya kupima. Ana kibanda upande wenye kivuli. Anauza mafuta ya manukato yasiyo na spiriti, anapima kwa bomba la sindano ndani ya vichupa vidogo, ili hata mwanamke anayeponda mawe ya dhahabu au mama lishe amudu. Chupa kubwa anaziweka ndani ya chungu, na chungu amekizika nusu kwenye mchanga anaoumwagia maji kila asubuhi. Tulimuuliza alijifunza wapi. Alituambia, kwa zile chupa arobaini na moja. Hakutuuliza tumefuata nini mpaka tulipokunywa chai.

Tulipomweleza, alikaa kimya muda mrefu. Halafu aliuliza kama cherehani inatiwa mafuta.

Ndugu Mwenyekiti, tangu kikao kile fomu yetu ya mkopo ina mstari mpya, unaosomeka "Bidhaa hii huharibikaje, na itahifadhiwa wapi?" Na mtu akishindwa kujibu, tunakwenda kuuliza pamoja naye kabla fedha haijatoka. Hata mama aliyekopa juzi kununua betri za sola aliujaza. Pia kifungu cha katiba kuhusu udanganyifu kimebadilishwa: mtu hapigwi faini wala hafutwi kwenye kikao kile kile alichoshtakiwa. Anapewa mwezi mmoja, na Kamati inatafuta mtu anayeijua bidhaa hiyo kuliko sisi. Mtindo huu wa kuweka hisa wenyewe tuliupokea kwa wanawake wa Niger, walioanza mwaka 1991, na wao pia walikuwa wakirekebisha masharti kila mzunguko.

Wanachama wapya mnaotaka kuingia biashara ya manukato, na tunajua mko wanne, msiogope, fomu zipo. Pimeni kwenye ngozi, si kwenye kifuniko. Ngojeni saa nzima kabla ya kununua. Maboksi msiyatupe. Na turubai liwe na paa.

Mwenzetu amefika. Amekaa mstari wa nyuma, kwenye benchi karibu na mitungi ya maji, ameomba asiitwe mbele mpaka tumalize kusoma. Tumemaliza. Bahasha ya shilingi 430,000 iko kwa Mwekahazina. Cherehani iko pale chini ya kitenge cha njano. Mkanda tumenunua mpya, sindano na bobini zimo kwenye droo, na mafuta imetiwa jana. Na ile chupa ya kwenye sanduku nayo tumeiweka juu yake, imepungua kidogo tu.

Ndugu Mwenyekiti, tunaomba umwite.